Rangi ya ubuyu ikishaingia tumboni inaenda wapi?

Dada mmoja wa Tanga kaniuliza hivi:

"Habari daktari. Mi nauza ubuyu wa rangi, napika mwenyewe nyumbani, kama kilo 5 kwa siku. Mwanangu wa miaka 4 anapenda kulamba sufuria mpaka ulimi unakuwa mwekundu siku nzima, ila akienda chooni sioni wekundu wowote, choo kiko kawaida tu. Juzi shoga yangu kaniambia bakteria wa tumboni wanaigeuza ile rangi inakuwa sumu na inaleta kansa. Ni kweli? Alafu rangi niliyozoea imeadimika, muuza duka kanipa nyingine ya unga imefungwa tu kwenye nailoni haina jina, bei rahisi, anasema wengi wanaichukua hata wa mikeka. Niitumie?"

Dada yangu, naanza na swali lako la mwisho maana ndo la haraka. Usiitumie. Hata ncha ya kijiko. Na kama umeshapikia, ule ubuyu usiuuze na mtoto asiulambe. Sababu nitakueleza, ila ili uielewe vizuri inabidi twende wote mpaka ndani ya utumbo, kwa hiyo nivumilie jibu ni refu.

Shoga yako hajakosea, ila kasema nusu ya habari.

Rangi nyingi nyekundu, za machungwa na za njano zinazotiwa kwenye pipi, soda, juisi za unga, ubuyu na biriani ni za ukoo mmoja unaoitwa azo. Zinatengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli, zamani ilikuwa lami ya makaa ya mawe. Katikati ya kila molekuli kuna atomi mbili za naitrojeni zimeshikana kwa nguvu, na kila moja upande wake wa pili imebeba kipande kingine kikubwa, yaani ni kama kamba ina fundo katikati. Lile fundo pamoja na vipande vyake ndo linalofanya jicho lako lione wekundu. Fundo likikatika, wekundu unakwisha palepale.

Sasa mtoto anapolamba sufuria, rangi inapita mdomoni, tumboni, utumbo mwembamba, na kote huko karibu yote inabaki nzima kwa sababu hizi rangi za chakula zinapenda maji sana na haziwezi kupenya ukuta wa utumbo kirahisi. Tartrazine kwa mfano, ile njano inayoandikwa E102 kwenye pakiti, inayoingia kwenye damu ikiwa nzima haifiki hata sehemu 5 katika 100. Iliyobaki yote inashuka mpaka utumbo mpana, na huko ndo wapo bakteria wenyewe, matrilioni kwa matrilioni.

Kule hakuna oksijeni, au ipo kidogo mno. Mimi na wewe tukichoma chakula mwilini kuna elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, zinabaki na oksijeni tunayovuta ndo inazipokea. Bakteria wa kule hawana hiyo bahati, wanatafuta popote pa kuzitua, na rangi ya azo ikipita pale lile fundo linazipokea, likipokea nne linakatika. Kazi hiyo wanaifanya kwa vimeng'enya vinavyoitwa azoridakitesi, na wanaoweza ni wengi sana, kuna jamii za Clostridium, kuna Enterococcus faecalis, kuna Bacteroides, hata E. coli. Kila mtu anao, mimi ninao, wewe unao, mwanao anao.

Ndo maana hukuona wekundu chooni. Rangi ilikatwa kabla haijatoka. Ukitaka kuona tofauti angalia mtoto aliyekula keki ya bluu, ile bluu ya E133 si ya ukoo wa azo, haina lile fundo, bakteria hawaikati kirahisi, basi inatoka na choo kinakuwa cha kijani na mzazi anakimbilia hospitali bure.

Kwa hiyo kupotea kwa wekundu maana yake molekuli moja imekuwa mbili. Hizo mbili zinaitwa amini, hazina rangi, huzioni kwa macho, na hapo ndo swali lako lote lilipo: hizo nusu mbili ni kina nani? Maana mkasi ni uleule ila kinachotoka kinategemea ulichokata.

Nikupe mfano wa heri kwanza, maana watu wanasikia kansa tu. Mwaka 1932 huko Ujerumani, kwenye maabara za Bayer, Gerhard Domagk alijaribu rangi moja nyekundu ya azo inaitwa Prontosil, akaona inaponya panya walioambukizwa bakteria wabaya. Ajabu yake ni kwamba ukiiweka rangi ile na bakteria kwenye chupa haiwaui, lakini ukimpa mgonjwa anapona. Alimpa hata binti yake mwenyewe aliyekuwa na maambukizi makali mkononi na akapona. Mwaka 1935 wataalamu wa taasisi ya Pasteur pale Paris wakafumbua, kwamba mwili unaikata ile rangi kwenye fundo na nusu moja ndo dawa yenyewe, salfanilamidi, haina rangi yoyote. Dawa zote za salfa zimetoka hapo, hata ile Septrin ambayo kila nyumba inaijua ina salfa ya ukoo huo. Alafu kuna salfasalazini, wanayopewa wenye vidonda vya utumbo mpana na wenye baridi yabisi, hii nayo ina fundo la azo, kwa hiyo sehemu kubwa inafika utumbo mpana ikiwa nzima na bakteria wanaikata wao, dawa inafunguka palepale penye kidonda. Panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja tumboni wakipewa salfasalazini haikatwi kabisa. Yaani bila bakteria dawa hiyo haifunguki.

Sasa mfano wa shari.

Huko Kyoto, Japani, kuna mafundi waliokuwa wanachora maua kwenye kimono kwa brashi. Brashi ikitawanyika ncha, fundi anailamba inakaa sawa anaendelea, miaka nenda miaka rudi. Miaka ya 1970 mwanzoni madaktari wa hukohuko wakaona kansa ya kibofu cha mkojo imezidi kwa watu hawa. Rangi nyingi walizotumia zilijengwa na kitu kinaitwa benzidini, zikiwa nzima hazina makali hayo, ila bakteria wakizikata inatoka benzidini tupu. Mwaka 1975 watafiti Marekani waliwalisha kima rangi za namna hiyo na benzidini ikaonekana kwenye mkojo wao. Benzidini leo iko kundi la 1 la IARC, lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, maana yake ushahidi wa kuleta kansa kwa binadamu umeshatosha hakuna ubishi, na rangi zinazogeuka kuwa benzidini mwilini nazo zimewekwa kundi hilohilo.

Kwa nini kibofu na sio utumbo? Kwa sababu amini ikishakatwa inanyonywa kwenye damu, inaenda ini, ini linaibadilisha kidogo ili itolewe, na mara nyingine katika kuibadilisha ndo linaitia makali zaidi, alafu figo zinaichuja inaingia kibofuni na kukaa na mkojo masaa. Kuna watu ini lao lina kimeng'enya cha kuipoza hiyo amini haraka na kuna watu kinafanya kazi taratibu, wanazaliwa hivyo, na hawa wa taratibu wakishinda na baadhi ya amini za namna hii kazini hatari ya kibofu kwao ni kubwa zaidi. Na huwezi kumjua mtu kwa kumtazama. Hili la kibofu halikuanza Japani, tangu 1895 daktari mpasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt alishaliona kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi.

Kwa hiyo ipo rangi inayokatwa ikawa dawa na ipo inayokatwa ikawa benzidini. Ya ubuyu wako iko wapi?

Hapa kuna jambo mi nalipenda sana na nadhani ndo linafungua kila kitu. Kuna rangi inaitwa Sunset Yellow, E110, ile ya machungwa ya soda na biskuti. Na kuna rangi inaitwa Sudan I, ya kupakia nta na rangi za viatu, imepigwa marufuku kwenye chakula karibu dunia nzima. Ukichora molekuli zao utashangaa, ni mapacha. Mifupa ni ileile. Tofauti ni kwamba Sunset Yellow imeongezewa vikundi viwili vya salfoneti, yaani vipande vidogo vyenye salfa vinavyopenda maji, kimoja kila upande wa fundo. Vikundi hivyo ndo vinafanya iyeyuke kwenye maji, isipenye utumbo ovyo, na hata bakteria wakiikata kila nusu inatoka na salfoneti yake, kwa hiyo figo zinaisafisha haraka na haiingii kwenye seli kirahisi kwenda kuchezea vinasaba. Sudan I haina. Inapenda mafuta, inanyonywa, inakatwa na bakteria na ini pia linaikata, na nusu zinazotoka hazina chochote cha kuzizuia. Sudan IV ni mbaya zaidi, ikikatwa moja ya vipande vinavyotoka ni ortho-toluidini, amini nyingine, nayo iko kundi la 1 palepale na benzidini kwa kansa ya kibofu.

Na hizi Sudan sio hadithi za kwenye kitabu. Mwaka 2003 Ufaransa walizikuta kwenye pilipili ya unga, 2005 Uingereza mamia ya vyakula vikatolewa madukani kwa sababu ya pilipili iliyoingia kwenye sosi moja, na 2015 Ghana wakakuta Sudan IV kwenye mafuta ya mawese sokoni, watu wanaitia ili mawese yaonekane mekundu yenye afya. Wanaokula mawese Kigoma, Bujumbura na Kongo nawaomba walijue hilo.

Kwa hiyo rangi za chakula zilizoruhusiwa zilichaguliwa ili vipande vyake viwe na salfoneti, na kiukweli kwa upande wa kansa mi sina wasiwasi mkubwa nazo zikitumika kwa kipimo. Ila kipimo chenyewe ndo tatizo letu, maana nani anapima? Wewe unapima kwa jicho, dada, unaongeza mpaka iwake.

Tupige hesabu kidogo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kwa kila rangi kiasi ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote bila kutegemea madhara. Carmoisine, E122, ni miligramu 4 kwa kila kilo ya mwili. Allura Red, E129, ni 7. Ponceau 4R, E124, ni 0.7 tu. Zote ni nyekundu, ukiziweka kwenye sufuria huwezi kuzitofautisha. Mwanao wa miaka 4 tuseme ana kilo 16, basi Allura mwisho wake ni miligramu 112 kwa siku, Carmoisine 64, Ponceau 11 na kidogo. Sasa chukua kilo 5 za ubuyu, tia gramu 5 za rangi safi, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, kila gramu ya ubuyu imebeba miligramu 1. Mtoto akimumunya gramu 50, kiganja kimoja tu, kokwe anatema lakini rangi yote kameza, ni miligramu 50. Ikiwa ni Allura hajafika nusu. Ikiwa Carmoisine yuko ndani ila anakaribia. Ikiwa Ponceau kapita mara 4 na zaidi. Na huyu wa kwako halambi ubuyu tu, analamba sufuria ambako shira ndo imeganda nzito. Pakiti nyingi za dukani rangi imechanganywa na chumvi kwa hiyo halisi iliyomo ni ndogo kuliko uzito wa kijiko, ni sawa, lakini kama pakiti haisemi imechanganywa kiasi gani wewe unapiga ramli.

Kupita kipimo siku moja sio sumu, usije ukalia usiku kucha. Vile vipimo vimewekwa mbali sana na kiasi kilichodhuru wanyama, kawaida wanagawa kwa 100, na ni vya kila siku kwa maisha yote. Ila kila siku kwa mtoto wa miaka 4 ndo hilo sasa sitaki.

Zaidi ya kansa kuna mambo mawili. La kwanza ni tabia za watoto. Mwaka 2007 chuo kikuu cha Southampton Uingereza waliwapa watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 na 9 juisi yenye mchanganyiko wa rangi na sodiamu benzoeti, ile dawa ya kuzuia vinywaji visiharibike, wengine wakapewa isiyo na kitu, bila wazazi kujua ni ipi, na wale wa rangi kwa wastani wakawa na utundu zaidi na kutotulia. Athari ilikuwa ndogo na watoto wametofautiana sana, wengine hawakuonyesha lolote. Lakini ilitosha Ulaya kuamua kwamba kuanzia Julai 2010 chakula chenye E102, E104, E110, E122, E124 au E129 kiandikwe onyo kwamba kinaweza kuathiri utulivu na umakini wa mtoto. Mi nasema kama mwanao hatulii, mwachishe rangi wiki tatu uone mwenyewe, haigharimu kitu.

La pili ni utumbo wenyewe, na hapa ndo bakteria wanarudi. Mwaka 2021 watafiti wa Mount Sinai, New York, walitumia panya waliotengenezwa wawe na IL-23 kwa wingi, hiyo ni kemikali ya kinga inayochochea uvimbe mwilini na imezidi kwa watu wengi wenye vidonda vya utumbo mpana. Panya hao wakilishwa Allura Red au Sunset Yellow utumbo unavimba na kuchubuka. Wakiondolewa bakteria hawaumwi. Wakirudishiwa Bacteroides ovatus au Enterococcus faecalis wanaumwa tena, kwa sababu hao ndo wanaokata rangi na kutoa kile kipande chenye salfoneti, hichohicho nilichokwambia kwa kansa hakinipi wasiwasi. Rangi zote mbili hizo zikikatwa zinatoa kipande kimoja kinachofanana kabisa. Panya sio mtu, na panya hao walikuwa na kasoro tayari, kwa hiyo sitamwambia kila mtu aogope. Ila kama nyumbani kwako kuna mwenye vidonda vya utumbo mpana, anayeharisha damu mara kwa mara, huyo mi namkataza kabisa ubuyu wa rangi, soda za rangi na juisi za unga, asingoje utafiti wa watu ndo aache.

Turudi kwenye ule unga wako wa nailoni.

Shida yake ni kwamba hujui ni ukoo gani. Rangi ya kuchovya ukili au kitambaa imetengenezwa ishike kwenye nyuzi isichujuke, aliyeitengeneza hakuwaza tumbo la mtu. Inaweza kuwa azo isiyo na salfoneti upande mmoja, ikikatwa inatoa amini chafu. Inaweza kuwa ya benzidini, Ulaya wamezikataza kwenye nguo zinazogusa ngozi tangu sheria yao ya 2002, amini hizo zisizidi miligramu 30 kwa kilo ya kitambaa, na hiyo ni nguo ya kuvaa tu, sembuse kumumunya. Inaweza hata isiwe azo, ikawa rodamini B, ile inayotoa pinki inayowaka, India jimbo la Tamil Nadu Februari 2024 walipiga marufuku pipi za pamba kwa sababu ya hiyo. Na hata ikiwa rangi yenyewe si mbaya, haijasafishwa kwa ajili ya chakula, inaweza kuwa na madini ya risasi na mabaki ya viwandani. Hakuna namna ya kujua kwa kuonja, kunusa wala kuiangalia kwenye maji.

Ya kununua ni iliyo kwenye pakiti yake iliyofungwa kiwandani, imeandikwa ni ya chakula, ina jina la mtengenezaji, tarehe, namba ya E au jina kamili la rangi, na alama ya TBS, kwa ndugu zetu wa Mombasa KEBS. Ukikuta E122 au E129 chukua hiyo, achana na E124 kwa kitu cha watoto, na ukiona E123 irudishe, Marekani waliikataza tangu 1976 na kipimo chake Ulaya ni 0.15, mtoto wako anapita kwa kidole kimoja. Nunua kile kimizani kidogo cha betri kinachopima mpaka sehemu ya gramu, na kilo 5 za ubuyu tia gramu 1 usizidi. Utapata wekundu mpole. Wateja wako watauliza siku mbili tatu alafu watazoea, ladha haibadiliki maana ladha iko kwenye sukari, iliki na pilipili.

Au jaribu rozela, wengine wanaita choya, hii mi ndo ningekushauri kwa moyo wote. Chemsha maua makavu kwa maji kidogo mpaka yawe mazito, chuja, tumia maji hayo kupikia shira badala ya maji ya kawaida. Wekundu wa rozela unakaa vizuri penye uchachu, na ubuyu wenyewe ni mchachu kwa hiyo unashika, ila usichanganye na magadi au baking poda utageuka zambarau ya kuchefua. Bitiruti nayo inatoa rangi nzuri lakini moto mwingi unaiua, itie mwishoni. Hautawaka kama wa dukani, utakuwa wa damu ya mzee ukikaa, na bei ya rozela najua ni juu kidogo kuliko kijiko cha unga, kwa hiyo anza na kilo moja uone watu wanasemaje.

Mtoto umzuie sufuria kuanzia leo. Vikokwe viwili vitatu siku moja moja havina neno, ila lile sufuria tia maji loweka kabla hajafika. Na wewe vaa glavu ukipima rangi na ufunge kitambaa puani, ule unga unaruka na unaingia kwa njia ya hewa.

Ule wa nailoni usimwage chooni wala karibu na kisima, wala usimpe jirani. Funga vizuri uurudishe kwa aliyekuuzia, umwambie asiwauzie wanaopika.